Maji Yanayotiririka

Simu ya kwanza ilimfanya Cecilia adhani anaombwa kumtibu binadamu. "Dokta, Shangazi hakanyagi mguu," sauti ya mzee ilisema. Cecilia, ambaye kazi yake ni kutibu mbuzi na kuku wa Newala na si zaidi, akajibu kwa upole kwamba shangazi apelekwe zahanati. Mzee akasema, "Zahanati hawatampokea, mwanangu. Ana miguu minne."

Ndivyo alivyojuana na Fakihi, ambaye kijiji kizima kinamwita Baba Muharami kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Shangazi alikuwa punda wake. Alipewa jina hilo kwa sababu, kama alivyoeleza mzee, hakuna aliyewahi kumwamrisha akakubali, lakini hakuna shughuli ya nyumba ile inayokwenda bila yeye. Na hapo mzee hakutia chumvi. Kijiji chao kiko ukingoni kabisa, mahali ambapo ukirusha jiwe linaangukia bondeni. Bomba la kijiji lilikuwa limenyamaza tangu Agosti, pampu imeungua, na fundi wa kuitengeneza alikuwa "njiani" mwezi wa pili sasa; mwenyewe pima njia hiyo ina urefu gani. Maji yalibaki kwenye chemchemi, chini ya genge, kushuka saa moja na kupanda saa mbili. Fakihi ana miaka sitini na minne. Mkewe, Mwanasha, nyonga ilimgomea miaka mitatu iliyopita, hata chooni anakwenda kwa kushika ukuta. Watoto wako mbali, na maisha yao nayo yamewashinda. Kwa hiyo nyumba ile ilikunywa, ilipika, ilifua na ilitawadha kwa mgongo wa Shangazi, madumu manne kila safari.

Punda huyo akiondoka, wazee wale nao itabidi waondoke wakakae kwa watu. Hawakulitamka, lakini Cecilia alilisoma usoni mwao dakika ile ile aliposhuka kwenye pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, dokta. Mwenyewe yule pale."

Shangazi alikuwa amesimama chini ya mkorosho, mguu wa mbele wa kushoto ameugusisha ncha tu ya kwato, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Cecilia akachuchumaa. Nyuma ya mguu, chini ya goti, kuna kamba ngumu ambayo watu wote huiita mshipa. Vitabuni jina lake ni kano, na uzito wa mnyama huning'inia kwenye kamba hiyo kila anapokanyaga. Ikiwa nzima unaishika unaiona nyembamba na ngumu. Hii ilikuwa imetuna, katikati laini, na ya moto hata kabla ya kuigusa. Alipoibonyeza, Shangazi aliuvuta mguu wake akamtazama kwa lawama.

"Alianguka?"

"Aliteleza akiwa na mzigo, juzi, kwenye ile kona ya mawe. Na hakumwaga hata tone," Fakihi akasema kwa fahari, kisha akaona haya kwa fahari yake.

Chuoni walifundishwa mguu wa farasi. Cecilia hajapata kumwona farasi kwa macho yake mpaka leo, ila mguu wake anaujua kuliko anavyoujua wa kwake mwenyewe. Mwalimu alikuwa na picha nyingi. Huko kwa wenzetu, farasi wa mashindano akiumia kano anapigwa picha ya ndani ya mguu, anachomwa sindano iliyotengenezwa kwa damu yake mwenyewe, anaogeleshwa kwenye bwawa lake, halafu anatembezwa kwa dakika za kuhesabu, mwaka mzima. Farasi ana bwawa lake, jamani, na Newala mtu mzima anaoga kwa kopo. Mwalimu alimaliza kwa kusema kwamba mguu wa punda na wa farasi ni mmoja, kinachomponya yule kitamponya na huyu. Wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyeuliza bwawa litatoka wapi.

Katika boksi lake siku ile kulikuwa na robo chupa ya sindano ya maumivu, pakiti saba za dawa ya unga na bendeji mbili. Mashine yake ya kupiga picha ilikuwa vidole vyake. Vidole vilimwambia kwamba nyuzi zimechanika lakini si zote. Zikipumzika miezi sita zitashikana. Zikilazimishwa zitakatika, na zikikatika hakuna wa kuzishona. Akawaambia wazee hivyo hivyo, bila kuficha.

"Miezi sita," Mwanasha akarudia kutoka kizingitini.

"Na maji mtapataje muda wote huo?" Cecilia akauliza.

"Hilo tuachie sisi," Fakihi akasema. "Tuna majirani, tuna Mungu. Wewe tuambie la mguu. Utakalosema tutafanya."

Sasa hapa ndipo pa kutega sikio. Cecilia alitoa masharti moja baada ya jingine, na Fakihi akawa anakunja kidole kwa kila sharti. Asibebe mzigo wowote, hata dumu tupu. Asifanyishwe kazi. Dawa ya unga achanganyiwe kwenye pumba kila asubuhi, siku saba. Na mguu upozwe kwa maji baridi, nusu saa kila siku, ikiwezekana mara mbili.

"Yanayotiririka ndiyo bora," akaongeza.

"Yanayotiririka," Fakihi akasema.

"Ndiyo, baba. Yakisimama yanashika joto."

Fakihi akamtazama mkewe. Mwanasha akalitazama pipa lililokuwa karibu na mlango. Hakuna aliyefungua mdomo, maana dokta ameshasema, na watu wa heshima hawamrudishii mtaalamu maneno yake. Cecilia alikuwa ameinama anafunga boksi. Tena yeye ni mtoto wa Lukuledi, kule bonde la Masasi, amezaliwa bomba liko uani; kwake maji ni kitu cha kufungulia. Alikuwa amekaa Newala miaka miwili, anaoga kwa kopo kama wengine na kulalamika kama wengine, lakini ulimi wake ulikuwa bado haujapanda mlima. Alichoma sindano, akafunga bendeji, akafundisha jinsi ya kuifungua na kuifunga, akawasha pikipiki.

Siku mbili baadaye aliitwa semina Masasi. Mchana alikuwa anasikiliza habari za chanjo ya kuku, jioni anarudi kulala kwao Lukuledi, na kila alipofumba macho alikiona kile kiuvimbe nyuma ya mguu. Alikuwa ameshawatibu wanyama wengi. Ng'ombe akielekea kufa, mwenyewe anamchinja, anauza nyama, anapata cha kuanzia. Punda wa Mwislamu akifa anazikwa na habari yake imekwisha.

Siku ya tano Fakihi alipiga simu. Cecilia alikuwa uani anaosha pikipiki, mpira wa maji mkononi, matope mekundu ya Newala yakichuruzika hadi kwenye migomba ya mama yake. Aliibana simu kwa bega.

"Hujambo, dokta."

"Sijambo, shikamoo baba. Mgonjwa wetu anasemaje?"

"Marahaba. Mgonjwa hachechemei tena. Tangu juzi anakanyaga sawasawa, utadhani hakuumia."

"Hiyo ni dawa, baba. Inaficha maumivu tu. Ndani bado kabisa. Msije mkampa kazi."

"Kazi hatumpi. Ndoo nabeba mwenyewe. Na tunampeleka maji kila siku, kama ulivyosema."

Cecilia akatabasamu. Kiswahili kwa wazee wa ukingoni ni mgeni wa nyumba ya pili. Nyumbani wanaongea Chimakonde chao, na Kiswahili kikitoka wakati mwingine kinadondosha kipande njiani. Mara ishirini kwa siku anawarekebisha kimoyomoyo bila kuwaambia. Na hapo akarekebisha. Mnampelekea maji, baba. Akawaona wazee wawili na kata yao ya kuchotea, mmoja anamimina na mwingine anashika mguu, maji yenyewe ya kuombea kwa jirani, na roho ikamwuma kwa huruma.

"Vizuri sana, baba. Hivyo hivyo. Msiache hata siku moja."

"Hatuachi," Fakihi akasema.

Kumbe mzee hakuwa amedondosha kitu. Alikuwa amesema alichotaka kusema.

Siku ya saba, saa mbili asubuhi, aliyepiga alikuwa Mwanasha, ambaye Cecilia hakujua hata kama anaweza kutumia simu. Hakusalimia. "Dokta, mguu wa Shangazi umekaa chini."

"Umekaa chini vipi, mama?"

"Umekaa. Amepita mtu ametuletea habari. Wako gengeni, hawawezi kupanda."

"Gengeni wanafanya nini?"

Mwanasha alijibu kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho muulizaji anakijua. "Si ndiko huko majini," akasema, "ulikotutuma."

Cecilia aliondoka semina bila kuaga. Kutoka Masasi hadi Newala aliendesha pikipiki huku akili inakwenda na kurudi kwenye neno moja. Yanayotiririka. Juu kule kitu pekee kinachotiririka ni chemchemi. Kwenda maji, kule, ndiko kwenda mahali pa kuchotea. Kumpeleka maji ni kumpeleka chemchemini. Mtoto mdogo wa Newala angemwelewa mzee. Yeye na cheti chake alimsahihisha.

Pikipiki aliiacha juu akashuka kwa miguu, boksi begani, mchanga ukimkimbia chini ya viatu. Aliwakuta nusu ya njia. Shangazi alikuwa amesimama, ubavu ameuegemeza kwenye ukuta wa udongo. Fakihi alikuwa amevua koti lake amemfunika mgongo, ingawa jua lilikuwa kali. Cecilia hakuhitaji kugusa. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeshuka mpaka kinalala kwenye mchanga, na ncha ya kwato imeinuka inatazama juu. Akachuchumaa akagusa hata hivyo, kwa sababu ndiyo kazi. Pale ilipokuwa kamba palikuwa na pengo, kidole kikazama.

"Shikamoo, baba," akasema, akiwa bado amechuchumaa. Alikuwa amesahau kusalimia.

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Kisha Fakihi akatoa taarifa yake. Aliitoa amesimama wima, kwa mpangilio, akikunja vidole vile vile. Dawa ya unga alipewa kila asubuhi kwenye pumba, hata ya leo amekula. Bendeji wameifungua na kuifunga kama walivyofundishwa. Siku ya kwanza walijaribu kummwagia nyumbani, zikaenda ndoo mbili, na ilipofika jioni hawakuwa na maji ya kupikia ugali. Jirani yao Rukaiya akapita akaona tope, akauliza kama siku hizi punda ndiye mwenye nyumba. Na tena hayo yalikuwa maji ya pipa, yamesimama, ya moto. Ndipo Mwanasha akasema, dokta amesema yanayotiririka, na sisi tunajua yanatiririka wapi. Kwa hiyo wakangoja hadi siku ya tatu, alipoanza kukanyaga, ndipo akamshusha. Polepole. Bila kamba, bila dumu, bila chochote mgongoni.

"Ndoo hii moja nimeibeba mimi, kwenda na kurudi. Yeye hajabeba hata kata," Fakihi akasema. "Akifika anaingia mwenyewe, anasimama kwenye mkondo, maji yanampiga hapa. Alikuwa anafumba macho, dokta. Anapenda. Nusu saa yake ikiisha hataki kutoka. Leo tumepanda vizuri mpaka hapa, nikasikia kitu kimelia, kama ukamba umekatika. Basi."

Cecilia alisikiliza mpaka mwisho. Wahenga walitufundisha punda afe mzigo ufike. Huyu hakuwa na mzigo wowote. Alikuwa anatoka hospitali.

"Nataka uniambie nilipokosea," Fakihi akasema. "Nirekebishe. Mimi nimekua nikiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimesikia, dokta. Nimesikia lote."

"Hukukosea, baba. Nimekosea mimi."

Fakihi akatikisa kichwa. Alimtazama kwa upole, karibu kwa kumhurumia, kama mtu anayemwona mgeni anavyojidhalilisha kwa adabu.

"Wewe umesoma," akasema.

"Baba, nisikilize. Kupanda huku ndiko kumemkata. Ilitakiwa asitoke nje ya boma kabisa, asipige hatua. Sikusema. Nilisema mzigo, nilisema kazi, sikusema asitembee. Na kwenye simu uliponiambia mnampeleka maji, nilisikia kitu kingine. Nikakwambia hivyo hivyo."

"Sasa ningejuaje," Fakihi akasema, lakini hakuwa anamlaumu. Alikuwa anauliza kweli, na swali lilikuwa la kwake mwenyewe. Cecilia aliona maneno yake yamegonga na kurudi. Mzee asingeweza kukubali kosa liwe la dokta, kwa sababu hapo angekuwa amemuua punda wake kwa kumtii mtu asiyejua, na hilo lilikuwa baya kuliko kukosea mwenyewe. Cecilia alitamani mzee angemtukana.

"Hakuna wa kuushona?"

"Hakuna, baba."

"Hata huko kwa wenye nazo?"

"Hata huko. Wana farasi wa mali nyingi sana, wana mashine, wana madaktari kumi kwa mnyama mmoja. Ikifika hapa, hawana la kufanya."

"Wanafanyaje?"

Cecilia akamwambia. Sindano ya kumlaza moja kwa moja yeye hakuwa nayo, wala wilayani haikuwepo. Alipanda juu kidogo kutafuta mtandao akampigia Oscar, askari wa wanyamapori, ambaye ana bunduki. Oscar akasema atafika saa nane, yuko mbali kidogo, kuna tembo wameingia mashambani. Cecilia akahesabu saa hizo tatu na nusu, akarudi, akamchoma Shangazi mabaki ya ile sindano ya maumivu. Ni dawa kama hiyo iliyomdanganya akapanda. Sasa ilikuwa kitu pekee chema alichoweza kumfanyia.

Fakihi alikaa kwenye jiwe muda mrefu. Wanawake wawili walipanda na ndoo kichwani, wakasalimia kwa sauti ya msibani, wakampisha punda kwa kubana upande wa pili. Chini, bondeni, moshi wa mashamba ulikuwa umesimama. Mzee alivuta pua akajifuta kwa kiganja. Kisha akainuka, akalichukua koti lake mgongoni mwa Shangazi, akaanza kulisokota kuwa ngata.

"Unafanya nini, baba?"

"Mama Muharami yuko peke yake, na nyumbani hakuna maji," akasema. "Tangu jana."

Ndoo ilikuwa pale pale kando ya njia, imejaa, jani la mkorosho likielea juu ili maji yasirukeruke. Cecilia akasema ataipeleka yeye. Fakihi akakataa. Akasema dokta abaki na Shangazi, asikae peke yake, na akifika yule mwenye bunduki awe na mtu anayemjua. Mzee mwenyewe asingeweza kuliona hilo. Akaweka ngata kichwani, akainamisha shingo.

"Nitwike, mwanangu."

Ndoo ilikuwa nzito kuliko Cecilia alivyodhani. Aliinyanyua kwa magoti, akaitua juu ya ngata, akaona shingo ya mzee inaingia ndani na mishipa inasimama. Mwanamume wa miaka sitini na minne, ambaye kubeba kichwani amekujua wiki hii. Fakihi akashika ukingo wa ndoo kwa mkono mmoja, akatafuta mizani, akaanza kupanda. Hakugeuka nyuma.

Shangazi aliona ndoo inaondoka. Akasimamisha masikio. Miaka tisa maji ya nyumba ile hayajapata kupanda genge bila yeye. Akajitoa kwenye ukuta wa udongo, akautupa mguu mbovu mbele, kifundo kikaburuta mchanga, akapiga hatua moja.

"Tulia," Cecilia akasema. "Tulia, Shangazi. Tulia, mama."

Akamkumbatia shingo kwa mikono miwili, akachimbia visigino, akamwegemea kwa uzito wake wote. Punda alikuwa na nguvu kuliko yeye. Akapiga hatua ya pili.